Mkono Juu ya Tangi

Nilimwamkia fundi nikiwa bado nimekalia pikipiki. Aliitikia marahaba, kisha akafanya jambo ambalo mafundi wawili kabla yake hawakulifanya: aliacha spana chini, akaweka kiganja juu ya tangi. "Piga resi, taratibu."

Wiki tatu nzima, kila nilipotoka Morogoro mjini kwenda Mikese, vidole vilikufa ganzi kabla sijafika. Saitimira ilinionyesha kila lori kama malori mawili, na ile ni barabara ya malori. Fundi wa kwanza alisafisha kabureta na kubadilisha plagi. Wa pili alikaza kila nati aliyoiona, akachukua hela yake. Sina ugomvi na kukaza nati. Ugomvi wangu ni na mtu anayekaza kabla hajauliza.

Huyu aliuliza. Ilianza lini? Giya gani? Ukikamata klachi pikipiki ikiwa kwenye mwendo, mtetemo unakata au unaendelea?

Swali hilo la mwisho ni dogo kwa kulisikia, lakini linaigawa pikipiki nzima mafungu mawili. Ukikamata klachi na kuachia resi, injini inatulia, ilhali magurudumu na mnyororo vinazidi kuzunguka. Mtetemo ukibaki, tafuta rimu iliyopinda, tairi iliyovimba au mnyororo uliokaza upande mmoja na kulegea mwingine. Ukikata, kosa liko kwenye injini au kwenye kinachoishikilia. Alinituma barabarani nikajaribu, tena nisikilize: giya ya tatu na ya nne, je, unaanza injini ikiwa na mlio uleule? Nikarudi na jibu. Uleule, na klachi ikikamatwa unakata.

Hapo mtu mwingine angeshusha injini. Yeye alikaa kwenye kigoda akanieleza kwamba injini ya silinda moja haiwezi kutulia kabisa, na asiyelijua hilo atakula fedha za watu bure. Ikizunguka mara 6000 kwa dakika, pistoni inapanda na kushuka mara 100 kila sekunde, na kila inapogeuka inaisukuma injini. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya msukumo huo inakuwa mara nne. Waundaji huweka uzito kwenye kranki kuipinga, lakini ukiuweka wa kutosha kuzima mtikisiko wote wa juu na chini, unazaa mwingine wa mbele na nyuma. Kwa hiyo kwa kawaida wanaishia karibu na nusu. Baadhi ya injini zina shafti ya pili ya kusawazisha. Yangu haina.

"Kuna mtetemo wake, na kuna uliotiwa na mtu," alisema. Kazi yake ilikuwa kuutafuta huo wa pili.

Aliutafuta kwa bisibisi ndefu: ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Beringi za kranki zilikuwa kimya. Tapeti zilikuwa na mlio wao wa kawaida. Kisha vidole vikapita kwenye bolti za kufungia injini, moja baada ya nyingine, vikasimama kwenye ile ya juu karibu na hedi. Ilikuwa imekazwa sana. Tatizo lilikuwa washa: zamani niliposhushiwa injini kubadilisha ringi, aliyeirudisha alisahau washa moja, na bolti ikavuta kibao cha fremu mpaka kikapinda. Kwa hiyo fremu ilivutwa muda wote kama uzi wa zeze, na injini ikifika mlio fulani, inaitikia. Kadiri fundi wa pili alivyokaza, ndivyo alivyouchochea mtetemo.

Alikinyoosha kibao, akarudisha washa. Kisha akalegeza bolti zote za injini, akaiwasha ingurume kidogo ijitafutie mkao wake, akazima, ndipo akakaza. Nilidhani anachezea. Siku hizi kila ninaposhushiwa injini naomba ifanyike hivyohivyo.

Waingereza nao waliwahi kuhangaika na jambo hili. Norton Commando ya 1967 ilikuwa na silinda mbili ambazo pistoni zake hupanda pamoja, ikitikisika kama ya moja. Badala ya kuizuia, walining'iniza injini, giyaboksi na mkono wa gurudumu la nyuma kwenye raba. Nafasi ya raba hizo ilirekebishwa kwa washa nyembamba. Ikiachwa ipanuke, pikipiki inayumba kwenye kona. Ni washa tena.

Vidole vyangu vimepona. Saitimira bado inatetemeka kidogo nikikata upepo; nilimrudia fundi nikamwambia. Akaweka kiganja juu ya tangi, akasikiliza, akaniambia huo ni mtetemo wake, niuache. Wewe ukienda kwa fundi, usianze na jina la kifaa cha kubadilisha. Mwambie ilianza lini.