Jasho la Binti Mkahawani: Uhakiki wa Filamu ya My Big Fat Greek Wedding

Filamu ya My Big Fat Greek Wedding (2002), iliyoandikwa na Nia Vardalos na kuongozwa na Joel Zwick, husifiwa kwa ucheshi wa harusi. Uhakiki huu unadai kwamba uzito wake umo mkahawani. Gus Portokalos, mhamiaji wa Kigiriki jijini Chicago, ameujenga mkahawa wa Dancing Zorba's uwe tegemeo la familia. Kwa binti yake Toula, aliyetimiza miaka 30, tegemeo hilo ni kazi asiyoichagua. Anapotaka kuhamia katika ofisi ya shangazi yake ya kuuza tiketi za safari, mama na shangazi wanamzunguka Gus kwa hila hadi aamini kuwa wazo ni lake. Tukio hilo linachekesha, lakini linafichua kwamba binti hana njia ya wazi ya kuacha kazi. Kwa bahati mbaya, harusi inapokaribia, swali hilo linazimwa, na zawadi ya nyumba inafunika mgogoro. Hapo ndipo penye funzo kwa watunga sera: ufanisi wa biashara ya familia ya wahamiaji usipimwe kwa mapato ya mwenye mkahawa pekee, bali pia kwa uhuru wa wanawe kuondoka.