Nyota ya Asubuhi: Kuhakiki Kwezi kwa Matoleo Yake Matatu ya Mwanzo

Darasani tumefundishwa tusihukumu kazi ya fasihi kabla ya kuifikisha mwisho. Kanuni hiyo inafaa riwaya. Katuni ya mfululizo ni jambo jingine, kwa sababu inatoka toleo kwa toleo, na kila toleo linapokwisha msomaji anaamua kama atalitafuta linalofuata. Mhakiki wa matoleo ya mwanzo hana uwezo wa kusema hadithi ni nzuri. Anachoweza kusema ni kwamba imetuahidi nini, na kama ahadi yenyewe inastahili kungojwa.

Kwezi ilianza kutoka mwaka 2014. Mwenyewe ni Loyiso Mkize, mchoraji wa Afrika Kusini ambaye kabla ya hapo alichora Supa Strikas, ile katuni ya kandanda. Matoleo matatu ya kwanza yalikusanywa kuwa kitabu kimoja mwaka 2016, na kitabu hicho ndicho kilichonifikia mimi kwa mkono wa ndugu aliyerudi kutoka kusini. Jina lina maana ya nyota. Kwa Kizulu na Kixhosa, ikhwezi ni nyota ya asubuhi, na sisi tunasema nyota njema huonekana asubuhi. Basi tuitazame asubuhi hiyo.

Mhusika mkuu ana miaka 19, anaishi Gold City, mji wa kubuni ambao yeyote aliyewahi kuona picha za Johannesburg ataujua. Nguvu zimemjia bila kuziomba. Anawapiga wahalifu, kisha anakimbilia mitandao ya kijamii kuona watu wamemsifu vipi. Ana majivuno, na mwandishi hamfichi. Wenzangu watasema Spider-Man naye alianza hivyo mwaka 1962. Ni kweli, lakini hadithi ile ilikuwa na kurasa 11 tu: kijana akatafuta umaarufu, mjomba wake akauawa, akatubu. Mkize hana haraka hiyo. Anamwacha kijana wake ajisifu mpaka msomaji amchoke, na hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba mwandishi anajua anakokwenda.

Kuhusu michoro sina mengi. Rangi zimekolea, miili ina uzito, na mazungumzo ni Kiingereza kilichochanganywa na lugha ya vijana wa mitaani. Asiyejua Kiingereza bado atafuata picha.

Kinachonisumbua kiko kwenye maudhui. Wanatokea watu wenye nguvu kama zake, wanamwambia kwamba ana asili ya kale asiyoijua, kwamba yeye si kijana wa kawaida. Msomaji wa Cape Town huenda akafurahi hapo, maana ni wito wa kurudi kwenye mizizi. Mimi niliusoma ukurasa huo kwa hofu. Natoka pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, na hadi Palma ilipovamiwa Machi 2021, tumewaona vijana wa rika lile lile waliopewa nguvu kwanza, kisha wakaambiwa kwamba wao ni wateule. Simlinganishi Kwezi na hao. Nasema tu kwamba kumwambia kijana mwenye nguvu kuwa ni mteule hakumfanyi awe mwema, na hadithi inayoishia hapo imemwacha njiani.

Sisi Msumbiji mchoro wetu uliojulikana sana baada ya uhuru wa 1975 haukuwa wa shujaa. Ulikuwa wa adui, Xiconhoca. Nusu ya jina lake ni nhoca, nyoka, na hapa pwani halihitaji mkalimani. Xiconhoca alikuwa mlevi, mvivu, mlanguzi, na kila mtu alitakiwa amtambue kwa jirani yake. Katuni ile ilijua mno nani mbaya. Kwezi ina heri kuliko hiyo kwa kuwa ubaya wa kwanza inaouonyesha umo ndani ya shujaa mwenyewe. Kwa hilo peke yake ningelitafuta toleo la nne.

Ila kuna jambo. Nilimsomea mdogo wangu wa kike kurasa za mwanzo, nikimfasiria kwa Kiswahili. Kwenye pigano moja aliweka kidole juu ya watu waliosimama nyuma wakitazama, akauliza, "Dada, na hawa wanaitwa nani?" Niligeuza kurasa nyuma, nikageuza mbele. Sikuwa na jibu la kumpa. Yeye mwenyewe amewahi kusimama katika umati wa namna hiyo, Pemba, akisubiri jina lake lisomwe kwenye orodha ya chakula. Toleo la nne nikilipata, kabla ya kumtazama Kwezi nitawatazama hao.