3MT: dakika 3 za nani?

Kama unasoma PhD, najua umeshaambiwa: jiandikishe 3MT, ni fursa. Shindano hili lilianzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008. Unapewa dakika 3 na slaidi 1 isiyocheza. Ukipitisha muda, unatolewa. Sheria ya slaidi naipenda kweli. Grafu zote 12 unaziacha nyumbani, inabidi useme swali lako ni lipi. (Wasimamizi wetu nao wangejaribu siku moja, jamani!)

Shida ni kile ambacho dakika 3 zinakipenda. Dawa ya malaria inajisimulia yenyewe. Wewe wa hisabati za nadharia, au ambaye majaribio yamekataa nadharia tete yako, unasimuliaje? Unashawishika kuahidi kuliko data zinavyoruhusu, na huko si kurahisisha sayansi, ni kuipamba. Tena vigezo vinataka asiye mtaalamu aelewe, halafu ukumbini kwetu mara nyingi wamejaa wahadhiri na tunaongea Kiingereza! Kama unatafiti mtama, mpe mkulima dakika zako hizo, kwa Kiswahili, kabla hujapanda jukwaani. Akikukatiza kukuuliza "sasa nipande lini?", lijibu kwanza hilo.