Kwa Nini Shylock Aliitaka Nyama?

Kila mwaka nasahihisha hadithi nyingi zilizotungwa na watoto wa shule. Karibu kila moja ina mtu mwovu: huyu atia sumu chakulani, yule achoma nyumba ya jirani. Nikimwuliza mtoto, "Kwa nini aliichoma?" hujibu, "Kwa sababu alikuwa mbaya, Mwalimu." Jawabu hilo ni sawa na kusema kwamba mvua yanyesha kwa sababu maji yaanguka. Mwovu asiye na sababu hatumwamini, na tusiyemwamini hatufundishi neno. Twafunga kitabu, twasema, "Mimi si kama huyo," kisha twalala usingizi.

Basi, ndugu wasomaji, na tumtazame mwovu mmoja aliyetungwa vema. Ni Shylock, Myahudi mkopeshaji, katika mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili, ukapigwa chapa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Antonio, mfanyi biashara Mkristo, akopa kwake dukati 3,000 kwa miezi mitatu, ili amsaidie rafiki yake Bassanio. Hati yasema asipolipa kwa siku yake, Shylock atakata ratili moja ya nyama mwilini mwake. Siku yapita, deni halikulipwa, naye Shylock aja barazani na kisu.

Tukisikia hayo tu, twaona dubwana. Lakini mtunzi ametangulia kutuonyesha jeraha. Antonio alimtemea mate ndevuni na kumwita mbwa. Tena hukopesha watu pasipo riba, akamharibia kazi yake. Hata siku ile ya kuja kukopa hakuomba radhi. Alisema kwamba huenda atamtemea tena. Wala kazi ile ya kukopesha haikutoka katika tamaa tupu. Katika mji wa Venisi wa kweli, mwaka 1516 watawala waliwatenga Wayahudi katika mtaa mmoja ambao malango yake yalifungwa usiku, na kazi nyingi walizuiliwa.

Tena uovu wake wakua hatua kwa hatua. Mkataba wa nyama aliutaja kama mzaha. Kisha binti yake Jessica atoroka na kijana Mkristo, akichukua fedha na vito vya baba yake. Shylock apata habari kwamba binti yule ametoa pete moja ili apate kima. Pete ile alipewa na Leah kabla hajaoa. Kwa pete hiyo ndogo twajua kwamba mtu huyu mgumu alipata kupenda. Tangu hapo mzaha wageuka kisu.

Nalo baraza latuonyesha lililomo moyoni mwake. Apewa dukati 6,000, yaani deni mara mbili, naye akataa. Aliyedhani kwamba Shylock asukumwa na kupenda fedha, hapa na aone kosa lake. Mwenye tamaa angalizipokea, akaenda zake. Huyu ataka aliyemdharau aonje uchungu.

Nilipoyasimulia hayo jioni moja, mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona wamtetea?" Nikamjibu kwamba simtetei. Sababu si udhuru. Antonio hakumwiba Jessica, na hapana tusi linalompa mtu ruhusa ya kunoa kisu juu ya soli ya kiatu chake mbele ya yule atakayemkata. Hapo ndipo ilipo kazi ya mtunzi: atufahamishe kilichomsukuma mwovu, hata tukijue kama chetu, na bado tukikatae kitendo chake.

Mfano mwingine uko katika Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952. Humo ndugu wabaya waitwa Hasidi na Mwivu. Majina yao yametangulia matendo yao, na wanapomtosa ndugu yao baharini hatustaajabu. Kitabu kile ni cha mafunzo, na kwa kazi hiyo majina yafaa, kwani twaona husuda yamfikisha mtu wapi. Lakini jinsi uovu unavyoingia moyoni, siku baada ya siku, twaliona zaidi kwa Shylock.

Hata hivyo mchezo wenyewe una dosari. Mwishoni Shylock alazimishwa kuiacha dini yake, na wenye kuhukumu waita jambo hilo rehema. Watu wengi wameutumia mchezo huu kufundisha chuki juu ya Wayahudi, nasi yatupasa kujihadhari. Nakiri kwamba nilipoufundisha mara ya kwanza niliwaacha wanafunzi wacheke Shylock alipotoka barazani akisema hajisikii vema. Mvulana mmoja hakucheka. Nilipomwuliza sababu, akasema, "Mwalimu, waliomtemea mate hawakuulizwa neno."

Tangu siku ile, mtoto akiniletea hadithi yenye mtu mwovu, namrudishia na maswali matatu: Amepoteza nini? Nani alimwaibisha? Akiwa peke yake usiku, ajiambia nini ili aone kwamba ana haki? Akiyajibu, hadithi yake yaanza kuwa na uhai, na wengine darasani huacha kucheka, wakanyamaza, wakasikiliza.