Duncanson na Ile Kelele ya "Ujumbe"

Hadithi yangu moja ilirudishwa na mhariri kwa maneno matatu: "Nzuri, haina ujumbe." Tangu siku hiyo nimekuwa nikizitazama sana picha za Robert Duncanson.

Huyu ni Mmarekani mweusi, aliyezaliwa huru katika jimbo la New York mwaka 1821. Alianza kama fundi rangi wa nyumba, akahamia Cincinnati, akawa mchoraji wa mandhari. Tajiri mmoja, Nicholas Longworth, akampa kuta za jumba lake, naye akazichora mandhari nane kubwa kubwa. Fundi rangi kaingia sebuleni, bwana! (Baadaye zikabandikwa karatasi za ukutani juu yake, zikafichuliwa miaka ya 1930.)

Sasa ugomvi. Ng'ambo ya mto Ohio, kule Kentucky, watu weusi wanauzwa. Mwaka 1850 imepitishwa sheria ya kuwakamata watumwa waliotoroka hata kwenye majimbo huru. Na mwenzetu, mwaka 1851, anachora *Blue Hole*: kidimbwi cha mto Little Miami, miti, na wavuvi watatu wadogo kama sisimizi. Ujumbe uko wapi?

Itazame tena. Maji yametulia mpaka anga imelala ndani yake. Wale wavuvi hakuna anayewafukuza. Mwaka ule, kukaa kando ya maji bila kugeuka nyuma halikuwa jambo dogo. Picha haikwambii hivyo; inakuacha ukae hapo mpaka uone mwenyewe.

Ujumbe alijaribu pia. Mwaka 1853 mhariri wa gazeti la Detroit (wahariri tena!) alimwagiza achore Uncle Tom na mtoto Eva, wa kwenye riwaya ya Harriet Beecher Stowe. Mtoto anaonyesha mbinguni, Tom amekaa karibu naye. Jamani, wamekakamaa kama watu wa picha ya pasipoti! Wafunike kwa kidole: ziwa na mwanga wa jioni vinapata uhai.

Simtakasi. Baadhi ya mandhari zake ni tamu mno, kama kalenda ya dukani. Lakini vita vilipopamba moto alikwenda Kanada mwaka 1863, kisha Uingereza, na kote huko alionyesha miti na maji. Alifariki Detroit mwaka 1872.

Hadithi yangu ni ya mama anayeanua nguo mvua ikianza. Nimeituma kwingine, sijagusa hata nukta.