Uhuru wa Soko na Amana ya Allah: Walibertari wa Marekani Katika Mizani ya Fiqhi

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Amma ba'd.

Ndugu msomaji, baada ya darsa ya fiqhi ya biashara hapa Sumbawanga, kijana mmoja anayenunua mahindi vijijini alinifuata na suali. Alisema: "Sheikh, Mtume alikataa kuwapangia watu bei. Nimesoma kuwa huko Marekani wapo watu wenye msimamo huo huo: serikali isiguse mali ya mtu, na watu wazima wakiridhiana, mambo yamekwisha. Sasa kwa nini masheikh mnatusema sisi wenye stoo na magunia?" Sikumjibu siku ile. Suali lake lina elimu ndani yake na lina kosa ndani yake, na kuvitenganisha viwili hivyo kunahitaji utulivu.

Watu hao ni nani?

Wanaitwa walibertari. Chama chao kiliundwa mwaka 1971 katika jimbo la Colorado, na hakijawahi kushika dola. Mgombea wao wa urais wa mwaka 2016, Gary Johnson, alipata takribani kura milioni 4.5, kiasi cha asilimia 3 tu, na hayo ndiyo matokeo yao makubwa kuliko yote. Lakini fikra zao zimeenea kuliko chama chao, hususan ndani ya chama cha Republican. Aliyezijengea hoja nzito zaidi vyuoni ni Robert Nozick, mwalimu wa falsafa wa Harvard aliyefariki mwaka 2002. Kitabu chake, Anarchy, State, and Utopia, kilitoka mwaka 1974. Muhtasari wake ni kwamba mtu anajimiliki mwenyewe, anamiliki alichokichuma kwa haki, na dola haina kazi ila kumlinda na nguvu, wizi na ulaghai na kusimamia mikataba. Kodi ya kipato inayochukuliwa ili wengine wasaidiwe, kwake yeye, inalingana na kumtumikisha mtu kwa lazima.

Haki yao tuwape

Allah (S.W.) ametuamrisha katika Suratul Maida, aya ya 8, kwamba chuki ya watu isitupeleke kwenye kuacha uadilifu. Basi tuanze na walipopatia. Ron Paul, aliyekuwa mgombea wa chama hicho mwaka 1988 na baadaye mbunge wa Republican, alipiga kura ya kupinga sheria ya usalama ya PATRIOT mwaka 2001, na mwaka 2002 akapinga azimio la kuivamia Iraq. Wengi waliojiita watetezi wa wanyonge siku zile walinyamaza.

Nasi wa Ufipa tunajua dola ikizidisha mkono inakuwaje. Mwaka ule ule wa 1974 mkoa wa Rukwa uliundwa, na nchi nzima ilikuwa katika operesheni ya kuhamishia watu katika vijiji. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mkulima akabaki na mnunuzi mmoja wa mahindi, Shirika la Taifa la Usagishaji, kwa bei iliyopangwa na serikali. Ni kweli kwamba bei ile ilikuwa moja kwa nchi nzima, na kwa sisi tulio mbali na Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 1,000 ilikuwa nafuu, kwa kuwa gharama ya usafiri ilibebwa na wengine. Lakini shirika lilizama katika madeni, na miaka ya 1980 biashara ya nafaka ikaanza kufunguliwa.

Karibu zaidi ni mwezi Juni mwaka 2017, serikali ilipopiga marufuku kusafirisha mahindi nje ya nchi. Zambia tunapakana nayo kwa Kasesya, na Kongo iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mlango ulipofungwa bei ilishuka, na mkulima aliyelima kwa mbolea ya kukopa akabaki anayatazama magunia yake. Aliyefunga mlango hakutaja bei, lakini alimshushia mkulima bei ili mlaji wa mjini apate nafuu. Huko nako ni kupanga bei, kwa kupitia mlango wa nyuma.

Hadithi ya bei

Hadithi aliyoitaja kijana imepokewa na Anas bin Malik (R.A.), na wameitoa Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah. Bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume (S.A.W.) awapangie. Akakataa, akabainisha kuwa mwenye kubana na kukunjua riziki ni Allah, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake hali ya kuwa hakuna anayemdai dhulma ya damu wala ya mali. Kwa hadithi hii madhehebu yetu ya Shafi yameharamisha kupanga bei, hata wakati wa ughali kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Kwa hiyo katika nukta hii kijana yuko karibu na vitabu vyetu kuliko alivyodhani.

Lakini aangalie sababu iliyotajwa ndani ya hadithi yenyewe. Sababu ni kuogopa dhulma. Mlibertari anasema mali ni yangu, basi usiniguse. Mtume (S.A.W.) amesema, kwa maana, kwamba nitasimama mbele ya Mola nami ni mwenye kuulizwa. Hukumu zinaweza kufanana na misingi isifanane, na misingi ikitofautiana, njia zitaachana mbele. Ndipo Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 H) katika kitabu chake cha Hisba akagawa kupanga bei mafungu mawili: kuna kupanga kwa dhulma, na kuna kupanga kwa uadilifu pale wauzaji wanapozuia kile ambacho watu wanakihitajia ila kwa bei ya kuwaumiza.

Njia zinapoachana

Kwanza ni umiliki. Suratul Hadid, aya ya 7, inatufahamisha kuwa mali tumepewa kama makhalifa juu yake. Mahindi yakifika wasaki tano, takribani kilo 650 kwa hesabu ya wanavyuoni wengi wa zama hizi, sehemu ya kumi ya kilicholimwa kwa mvua si ya mkulima tena. Ni ya wenye kustahiki. Abubakar (R.A.) aliwapiga vita waliozuia Zaka. Mwenye kusema kuwa kila kinachochukuliwa kwa ajili ya masikini ni utumwa hana pa kuiweka Zaka, ila aigeuze sadaka ya hiari. Na zaidi ya Zaka, Imam Ghazali alijuzisha mtawala kuwatoza matajiri pale hazina inapokuwa tupu na haja ya umma ikawa ya kweli. Aliweka sharti, hakufungua mlango wa kila kodi.

Pili ni ridhaa. Kwa walibertari, waliokubaliana bila nguvu wala uongo wamemaliza. Sheria yetu inataka ridhaa pia (Suratun Nisaa, aya ya 29), lakini inachungulia hali ya aliyeridhia. Mtume (S.A.W.) alikataza kuilaki misafara kabla haijafika sokoni, na katika riwaya ya Muslim mwenye bidhaa akifika sokoni ana hiari ya kuvunja mauzo. Mlanguzi anayemfuata mkulima kijijini, akanunua kabla mkulima hajajua bei ya mjini, hakumpiga wala hakumdanganya kwa neno. Hata hivyo fiqhi inamsimamisha.

Tazama pia lumbesa. Walibertari wanakataza ulaghai, lakini lumbesa haijifichi. Mkulima anaona gunia linavyoshonewa kilemba juu, na anakubali kwa kuwa ada ya shule imefika. Kijana ataniambia kwamba kwa Imam Shafi chungu cha nafaka kinachoonekana huuzwa bila kupimwa. Ni kweli. Lakini lumbesa haiuzwi kama chungu. Bei inatajwa kwa gunia, na gunia limefanywa kipimo. Kipimo kikishatajwa, Suratul Mutaffifin inaingia.

Tatu ni dharura. Nozick mwenyewe alikiri kuwa mtu hawezi kumiliki kisima pekee jangwani akatoza apendavyo. Alifungua mlango kisha akaufanya mwembamba sana, kwani aliona soko huru halitagongana na sharti hilo. Mwenzake Murray Rothbard, katika kitabu chake cha mwaka 1982 juu ya maadili ya uhuru, alifika mbali zaidi: sheria isimlazimishe mzazi kumlisha mwanawe. Huko ndiko msingi wa kujimiliki unakoishia ukiachwa uende wenyewe. Kwetu kadhi humlazimisha baba kutoa nafaka au fedha ya nafaqa, na Imam Nawawi amenakili ijmai kwamba mwenye chakula, watu wakikipata dhiki na wasipate kingine, hulazimishwa kukiuza.

Jawabu kwa kijana

Nilipoonana naye tena nilimwambia: mwanangu, ukinunua wakati wa mavuno, mahindi yakiwa mengi na bei iko chini, ukayaweka hadi Januari, hiyo si ihtikari kwa madhehebu yetu. Wala mkulima anayeweka mazao ya shamba lake si mhtikari. Ihtikari ni kununua chakula wakati wa ughali na kukizuia ili kizidi kupanda. Faida yako ni halali, na asiyelijua hilo asikutukane mimbarini. Ila lumbesa iache, mwambie mkulima bei ya mjini, toa Zaka ya biashara, na njaa ikibisha hodi fungua stoo kabla hujalazimishwa.

Akaniuliza kama serikali basi ina haki. Nikamkumbusha barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga inayopita malori yake. Ilijengwa kwa fedha za msaada wa Marekani chini ya mkataba wa mwaka 2008, yaani kodi ya raia wa kule, ambayo walibertari wanaiita unyang'anyi. Akacheka. Nami sikutaja barabara ili kuitakasa kila kodi. Nilitaka aone kuwa uhuru anaoutumia umesimama juu ya jasho la wengine.

Lakini lawama ya mwisho iko kwetu maimamu. Waislamu wa Ufipa ni wachache, na wengi wetu tunaishi kwa biashara. Mkulima asiyekuwa Muislamu anaijua dini yetu kwa mizani yetu kabla ya kuijua kwa adhana yetu. Tumekhutubia mara nyingi juu ya dhulma ya serikali na ya Marekani. Ni wangapi tumewahi kukhutubia juu ya gunia la lumbesa, hali wenye magunia wamekaa safu ya kwanza?

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.