Gigahezi 3.8 Katika Kaskazi ya Mwembe Tayari

Saa tisa alasiri mwezi wa Februari, ghorofa ya juu kabisa ya jengo la saruji pale Mwembe Tayari, Mombasa, ni mahali pagumu pa kupozea kitu chochote. Jua limeipiga dari tangu asubuhi, joto la nje limefika nyuzi 32, kaskazi inaleta hewa iliyoshiba maji ya bahari, na chini Barabara ya Jomo Kenyatta inarusha vumbi na moshi wa mabasi na matatu. Mtu akiweka hapo kompyuta ya gemu, kisha akaitaka prosesa yake ikimbie kuliko kasi iliyotoka nayo kiwandani, hesabu inaanzia kwenye hewa ya chumba. Prosesa inafuata baadaye.

Jambo hili hupitwa kirahisi kwa sababu maelekezo mengi ya kupandisha kasi yameandikwa Ulaya na Marekani, kwa vyumba vya nyuzi 20 au 21. Feni haiwezi kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa inayopulizwa. Inachoweza ni kupunguza tofauti iliyopo kati ya viwili hivyo. Kwa hiyo nyuzi 11 zinazotenganisha chumba cha nyuzi 21 cha London na cha nyuzi 32 cha Mombasa huhamia zote kwenye prosesa, bila punguzo.

Mfano uliowafundisha wengi kazi hii ni wa mwaka 1998. Mwezi Agosti, Intel ilitoa siku moja, miongoni mwa nyingine, prosesa hizi mbili: Pentium II ya megahezi 450 kwa dola 669, na Celeron 300A ya megahezi 300 kwa dola 149. Celeron ilipata kasi yake kwa kuzidisha mapigo ya bodi, megahezi 66, kwa 4.5. Kizidisho hicho kilifungwa kiwandani, lakini mapigo ya bodi hayakufungwa. Bodi zenye chipseti ya 440BX zilikwisha kuweza megahezi 100, na 100 mara 4.5 ni 450. Penye bodi iliyogoma, wajuzi waliiziba kwa kipande cha utepe pini ya B21, ile inayoiarifu bodi kwamba prosesa inataka 66. Iliwezekana kwa sababu silikoni yake ilitengenezwa kwa teknolojia ileile ya maikroni 0.25 iliyozaa Pentium ya bei kubwa, na kumbukumbu yake ya akiba (cache) ya kilobaiti 128, iliyokaa ndani ya silikoni yenyewe, ilistahimili kasi hiyo. Kilichozitenga prosesa hizo mbili kilikuwa soko zaidi ya uwezo.

Zama hizo zimepita. Siku hizi watengenezaji huiuza wenyewe ile ziada: prosesa hujipandisha kasi kila inapoona kuna nafasi ya umeme na joto. Kilichobaki kwa mtumiaji ni kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachohitaji hesabu makini.

Si kila mashine inakubali. Kompyuta nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kenya ni za mtumba, zilizostaafu maofisini ng'ambo, kama Dell OptiPlex 9020 yenye Core i5-4590. Hiyo imefungwa: katika kizazi chake Intel iliacha wazi kizidisho cha prosesa zenye herufi K, na bodi za ofisi hazikujengwa kwa mchezo huo. AMD ilichukua njia nyingine. Ryzen zote za mezani za mwaka 2017 zilitoka zikiwa wazi, mradi bodi iwe ya B350 au X370. Ya A320 hairuhusu. Ryzen 5 1600, iliyotoka Aprili 2017 ikiwa na viini sita, kasi ya msingi gigahezi 3.2 na ya juu 3.6, inafaa kuwa mfano hapa, kwani imezeeka kiasi cha kushuka bei na bado inaendesha gemu nyingi.

Nguvu inayogeuka joto ndani ya prosesa hufuata kanuni fupi: huongezeka sawia na kasi, lakini huongezeka kwa mraba wa volti. Chukulia Ryzen hiyo, viini vyote vikiwa kazini, inakimbia gigahezi 3.4 kwa volti 1.20 na kula wati 75. Kuifikisha 3.8 kunadai, tuseme, volti 1.30. Kasi imepanda asilimia 12, lakini wati zimepanda asilimia 31 hadi 98. Sasa tamaa imshike mtu, aitake 3.9, na silikoni idai volti 1.375. Kwa nyongeza ya kasi isiyofika asilimia 3, wati zinakuwa 113.

Hesabu iendelee hadi kwenye kipozaji. Kile kinachoruhusu nyuzi 0.45 kwa kila wati kitaiacha prosesa nyuzi 34 juu ya hewa ya ndani ya kasha katika hali ya kwanza, 44 katika ya pili, 51 katika ya tatu. Kasha lililopangwa vizuri nalo lichukuliwe kuwa na nyuzi tano juu ya chumba. Chumba cha London cha nyuzi 21 kinatoa 60, 70 na 77. Chumba cha Mwembe Tayari cha nyuzi 32 kinatoa 71, 81 na 88. Kikomo kilichowekwa na AMD ni 95. Aliye London akifika 3.9 ana nafasi tele. Wa Mwembe Tayari amebakiwa na nyuzi saba, na bado kadi ya picha haijaingia kazini.

Kadi ya picha ndiyo inayovuruga hesabu za wengi. GeForce GTX 1060, ambayo si kadi kubwa, ina wati 120 peke yake, na nyingi za aina hiyo humwaga joto lote ndani ya kasha lilelile. Isitoshe, silikoni ikipata moto huvuja umeme zaidi, hivyo volti ileile hula wati nyingi Februari kuliko Julai. Ndiyo maana, kwa mfano huu, 3.8 ni mwisho wa busara pwani hii. Mwenye subira ataanza hata kwa kushuka: kasi ya kiwandani ibaki ilivyo, volti ipunguzwe kidogo kidogo hadi mashine iyumbe, kisha irudishwe juu kidogo. Kiwanda hupanga volti za kutosheleza hata silikoni dhaifu, na nyingi si dhaifu hivyo. Kutoka hapo ndipo kasi ipandishwe kwa vidato vya megahezi 25.

Fedha ya kwanza lakini iende kwenye upepo. Waliojenga nyumba za Mji wa Kale kwa kuta nene za matumbawe walizipa madirisha ya kupitisha pepo za bahari, na kasha la kompyuta nalo linataka njia moja iliyo wazi: feni mbili za milimita 120 mbele zikivuta, moja nyuma ikitoa. Zinazovuta ziwe na nguvu kuliko inayotoa, ili vumbi la barabarani lipite kwenye chujio badala ya kupenya kwenye nyufa, na machujio hayo yaoshwe mara kwa mara. Uso wa kioo kitupu hupendeza, lakini huziba pua ya mashine. Mafuta mazito yanayokaa kati ya prosesa na kipozaji hukauka kwa miaka. Kwenye mashine ya mtumba yafutwe kwa spiriti na kupakwa mapya kabla ya jambo lolote lingine.

Kipozaji chenyewe kina uzito wa pekee. Cha mnara chenye mirija ya shaba, kikiwa na nyuzi 0.30 kwa kila wati, kinazigeuza zile nyuzi 44 za gigahezi 3.8 kuwa 29. Zimeokolewa nyuzi 15, na pengo lote kati ya London na Mombasa lilikuwa 11. Baada ya upepo, hakuna shilingi katika kazi hii inayorudisha zaidi ya hiyo. Na kwa kuwa kompyuta inayokula wati 300 hupasha chumba kilichofungwa sawasawa na hita ya wati 300, dirisha lifunguliwe.

Unyevu unaleta hatari yake. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 huangusha maji juu ya kitu chochote chenye nyuzi 24 au chini ya hapo, kama inavyoonekana kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Barafu na vipande vya umeme vinavyogandisha kwa hiyo havina nafasi Mombasa, vitailowesha bodi. Upozaji wa maji ya kuzunguka ni salama upande huo, kwani haushuki chini ya joto la chumba. Feni zinazopuliza hewa juu ya maji hazisaidii, maana hewa iliyokwisha kushiba haipokei mvuke mwingi. Chumvi nayo hula vichwa vya skrubu na miguu ya soketi polepole, sababu nyingine ya kufungua kasha na kukagua.

Majaribio hufanywa kwa Prime95, programu iliyoandikwa na George Woltman mwaka 1996 kwa ajili ya kusaka namba tasa kubwa. Huikamua prosesa kuliko gemu yoyote, na hukagua hesabu zake yenyewe, hivyo kosa dogo huonekana kabla mashine haijazimika. Saa ya kuiendesha ni hiyohiyo tisa alasiri, kaskazi ikiwa kali. Mashine iliyofaulu usiku wa manane wa Julai haijathibitisha lolote.

Na faida? Inategemea nani anamchelewesha mwenzake. Prosesa ikiwa ndiyo kikwazo, asilimia 12 ya kasi inaweza kuzifanya fremu 80 kuwa 89. Kadi ikiwa ndiyo kikwazo, hakuna kinachoongezeka. Tekken 7, gemu ya mfululizo wa Tekken uliomfanya Mkenya Sylvia Gathoni, maarufu kama QueenArrow, asajiliwe na timu ya kimataifa, imefungwa kwenye fremu 60 kwa sekunde. Kila fremu ina milisekunde 16.7. Prosesa inayozitimiza bila kukosa hata moja imemaliza kazi, na gigahezi za ziada zinageuka joto tupu. Wala kasi ya prosesa haisogezi karibu seva za gemu za mtandaoni: kebo za TEAMS na SEACOM zilizofika Mombasa mwaka 2009 zilipunguza sana safari ya data, ila umbali uliobaki ni wa baharini.

Anayedhani volti ni jambo dogo aangalie yaliyoipata Intel mwaka 2024. Baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiyumba mikononi mwa watu wasiogusa mpangilio wowote, na kampuni ikakiri kwamba volti zilizopita kiasi zilikuwa zikizichakaza. Agosti ilitoa rekebisho lililoweka kikomo cha volti 1.55, ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Kilichoharibika hakikurudi.

Bodi nyingi huhifadhi mipangilio zaidi ya mmoja kwenye BIOS, na huo ni msaada mkubwa pwani. Wa kusi uwe 3.8 kwa volti 1.30: chumba cha nyuzi 27, kwa kipozaji kile cha kwanza, kinatoa 76. Wa kaskazi uwe 3.6 kwa volti 1.225: wati zinashuka hadi 83, na katika chumba cha nyuzi 32 kipimo kinasoma 74 badala ya 81, kwa kupoteza asilimia 5 ya kasi. Yote miwili ipigwe picha kwa simu, kwa kuwa kusasisha BIOS mara nyingi hufuta kilichohifadhiwa.